Sindano ya Kichina na Ubongo wa Mtoto Mchanga

Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa anaweza kuumia ubongo bila alama yoyote ya nje. Baadhi ya seli hufa papo hapo, nyingine saa kadhaa baadaye, wakati mtoto ameshaonekana kutulia. Kisha huja degedege, shingo isiyokaza, ngumi isiyofunguka. Pwani ya Kilifi na Malindi, nchini Kenya, wazee huliita degedege hilo nyuni, yaani ndege, wakiamini ndege wa kishetani amempitia mtoto, na tiba yake huwa hirizi, mafusho au chale. Kwa mzazi aliyekulia huko, sindano nyembamba za kuuamsha ubongo si wazo geni sana.

Sindano hizo ni za akupancha, tiba ya jadi ya Uchina. Huko, watoto wachanga walioumia ubongo huchomwa kichwani na kwenye viungo, mara nyingi sambamba na mazoezi, na ripoti nyingi huisifu tiba hiyo. Lakini mwaka 2013 wachambuzi wa Cochrane, taasisi inayopima ushahidi wa tiba, walitafuta majaribio yake kwa watoto waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa. Hawakupata hata moja lililotimiza vigezo vyao, na hawakuipendekeza.

Je, ushuhuda wa wazazi walioona mabadiliko si kitu? Ni kitu, ila hautoshi. Ubongo wa mtoto mchanga bado unajengeka. Asiyekaza shingo akiwa na miezi minne huenda akaikaza akiwa na saba hata asipoguswa na mtu. Pasipo kumlinganisha na wenziwe wa hali ileile waliopata mazoezi pekee, sifa humwendea tabibu aliyekuwapo. Kipimo cha kulinganishia kipo, tena kimetengenezwa Kilifi kwenyewe: Amina Abubakar na wenzake walichapisha mwaka 2008 kipimo cha ukuaji wa watoto wa miezi 6 hadi 35, kinachoangalia mwendo na ushirikiano wa jicho na mkono. Na tusisahau utosi: kwa mtoto mchanga mfupa wa hapo haujafunga, na sindano isiyo safi inaweza kumwachia maambukizi.

Tahadhari zaidi inatokana na tiba nyingine, ya kumpoza mtoto. Katika nchi tajiri mtoto aliyekosa hewa hupozwa hadi nyuzi 33.5 kwa saa 72, akianza kabla ya saa 6 kupita, na faida yake imethibitishwa. Ilipojaribiwa kwa watoto 408 wa India, Sri Lanka na Bangladesh, matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba haikupunguza vifo na ulemavu vikihesabiwa kwa pamoja, na vifo peke yake viliongezeka. Ikiwa tiba yenye ushahidi mzito imeshindwa ilipohamishwa, isiyo na ushahidi haifai kupewa mtoto wa Ganze, huko Kilifi, kwa matumaini matupu.

Uzito wa jambo hili Kilifi unajulikana. Uchunguzi wa watoto zaidi ya 10,000 wa miaka 6 hadi 9, uliochapishwa mwaka 2006, ulikadiria kwamba 61 katika kila 1,000 walikuwa na ulemavu wa wastani au mkubwa wa mfumo wa neva, na matatizo ya wakati wa kuzaliwa yalikuwa miongoni mwa visababishi. Hapo ndipo fedha ziende: kwa mkunga mwenye mfuko wa kusukumia hewa katika dakika ya kwanza ya mtoto asiyelia, kwa taa za kutibu manjano kabla hayajafika ubongoni, na kwa matibabu ya haraka ya malaria kali, ambayo nayo huumiza ubongo.

Kwa aliyekwisha kuumia, kazi ni ndefu: mazoezi ya viungo, namna ya kumkalisha na kumlisha asipaliwe, dawa za kifafa zisizokatika. Mama wa Magarini, Kilifi hiyohiyo, hushindwa si kwa kukosa sindano, bali nauli ya kila wiki kwenda hospitali. Kaunti imfikishie mtaalamu wa mazoezi karibu na kwake. Na mzazi anayeuziwa sindano aulize kwanza: ni watoto wangapi waliofanana na wangu walilinganishwa, na wasiochomwa walifikia wapi?