Nadhiri ya Baba na Uhuru wa Mtoto



Mzee mmoja wa upande wa Kabambare alinijia jioni, akakaa kimya kitambo, kisha akasema: "Mwalimu, nimemwibia Mungu." Siku moja, akivuka Lualaba katika dhoruba, mtumbwi ukijaa maji, alimwahidi Mungu mambo mawili: gunia la mchele kwa maskini wa parokia, na binti yake mkubwa awe mtawa. Mchele hakuutoa. Binti naye alikuwa amekwisha kuposwa, na mahari imezungumzwa.

Nadhiri, kadiri ya mafundisho ya Kanisa, ni ahadi apewayo Mungu kwa kusudi na kwa hiari, juu ya jambo jema lililo bora na linalowezekana. Hapana alazimishwaye kuiweka. Kumbukumbu la Torati lafundisha kwamba asiyeweka nadhiri hana dhambi. Lakini aliyeiweka amefungwa. Basi gunia lile ni deni. Nikamwambia alilipe, tena zima, si lile lipunguzwalo kwa ndoo mbili baada ya mawimbi kutulia. (Wengi wetu tu wakarimu sana katikati ya mto!)

Habari ya binti ni nyingine. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1193, yasema wazi kwamba nadhiri humfunga yule tu aliyeiweka. Yefta aliahidi kumtolea Mungu sadaka yeyote atakayetoka kwanza mlangoni mwake kumlaki, akatoka binti yake wa pekee, tusimfuate huyo. Tumtazame Mwenye Heri Anuarite. Nadhiri zake aliziweka mwenyewe, kwa kinywa chake, huko Bafwabaka mwaka 1959. Tarehe 1 Desemba 1964, huko Isiro, mkubwa mmoja wa waasi alitaka kumtwaa awe mke wake, akakataa, akauawa. Je, angalisimama vile kwa neno alilosemewa na baba yake?

Mzee akauliza kama basi aisahau tu ile ahadi ya pili. Nikaona dhamiri yake ingali nzito, nikamtuma kwa paroko, ambaye kanuni ya 1196 yampa uwezo wa kumwondolea mtu nadhiri ya binafsi penye sababu ya haki. Si kazi yangu mwalimu, wala si kazi ya mwenye nadhiri kujifungua mwenyewe kwa kuwa amechoka nayo.

Mchele ulifika Jumamosi iliyofuata, gunia zima, juu ya baiskeli. Mchumba wa binti ndiye aliyeisukuma.