Kamera Iliyotumika: Shata Imechoka Kiasi Gani?



Katika kambi nyingi hakosekani mama au kijana ajipatiaye riziki kwa kupiga picha: picha za pasipoti, za ubatizo na akika, za harusi, na zaidi ya yote picha za siku ile askari wapya wanapomaliza mafunzo na jamaa zao kuja kuwatazama gwarideni. Kazi hii ina mtaji mmoja mkubwa, nao ni kamera. Kwa kuwa kamera mpya ni ghali, aghalabu familia hununua iliyokwisha kutumika, na fedha zenyewe ni akiba iliyokatwa kidogo kidogo katika mshahara wa miezi mingi. Kamera ikifa baada ya wiki sita, akiba hiyo imekwenda na maji. Kwa hiyo leo tutazungumzia sehemu moja tu ya kamera za dijitali, ile ichakaayo kwa kazi na ambayo mnunuzi haioni kwa macho, yaani shata.

Shata ni mapazia mawili membamba yaliyo mbele ya bamba linalopokea nuru. Ubonyezapo kitufe, pazia la kwanza hufunguka na nuru huingia. Kisha la pili hufuata na kufunga. Katika kasi kubwa, mathalan sehemu ya 4,000 ya sekunde, pazia la pili huanza safari kabla ya la kwanza kufika mwisho, hata nuru ikapita katika ufa mwembamba unaokimbia mbele ya bamba. Kila picha ni safari moja. Mapazia haya huendeshwa na springi na vyuma vidogo sana, nayo, mfano wa bawaba za mlango, huchoshwa na kufunguliwa na kufungwa kuliko na wingi wa miaka.

Watengenezaji hutaja idadi ya safari ambazo shata yao ilijaribiwa. Nikon D90, iliyotoka mwaka 2008, ilitajiwa 100,000. Canon EOS 5D Mark II ya mwaka huo huo ilitajiwa 150,000, na Nikon D7000 ya mwaka 2010 vivyo hivyo. Zile nzito za waandishi wa habari, kama Canon EOS-1D X na Nikon D4, zilitajiwa 400,000. Waliozoea mkanda wa picha 36 na wapige hesabu: picha 100,000 ni zaidi ya mikanda 2,700! Hata hivyo mpiga picha wa harusi wa siku hizi, akipiga picha 1,000 kila Jumamosi, huimaliza idadi hiyo kabla ya miaka miwili kutimia.

Yafaa ieleweke kwamba idadi hiyo si siku ya mauti iliyoandikwa. Ziko shata zilizopita mara mbili ya idadi iliyotajwa zikiwa bado nzima, na ziko zilizokatika zikiwa changa. Kwa hiyo hesabu ya picha ni kama hesabu ya kilomita katika gari lililotumika: yatufahamisha kazi iliyofanywa, wala haituambii dereva alikuwa mtu wa namna gani. Nayo, kama ile ya gari, yaweza kumdanganya mnunuzi.

Basi hesabu hii hupatikana wapi? Katika kamera za Nikon jambo ni jepesi. Kila picha hubeba ndani ya faili yake maelezo yaliyofichika, na miongoni mwake imo idadi ya safari za shata. Piga picha moja papo hapo mbele ya muuzaji, itie katika kompyuta, na uifungue kwa programu isomayo maelezo hayo. ExifTool ni mojawapo, nayo haiuzwi. Tafuta andiko la Shutter Count. Picha iwe imetoka moja kwa moja katika kadi ya kamera. Ile uliyotumiwa kwa WhatsApp haifai, maana maelezo hayo hufutwa njiani. Pentax nazo huandika idadi hiyo katika picha. Kamera nyingi za Canon haziiandiki humo. Hizo hazina budi kuunganishwa na kompyuta kwa waya na kusomwa kwa programu maalumu, tena si kila aina yakubali. Iwapo mwenye duka hana kompyuta, nenda naye kwa fundi. Muuzaji anayekataa safari hiyo fupi amekwisha kukujibu.

Usikubali kamwe kuambiwa, «Tazama, picha ya mwisho ni namba 2140, kamera hii ni mpya.» Namba ya faili hufika 9999 kisha huanza upya, na mtu yeyote aweza kuirudisha mwanzo kwa kubonyeza vitufe viwili vitatu. Hata hesabu yenyewe ya shata yaweza kuanza upya iwapo fundi alibadilisha bodi kuu ya umeme.

Hapo ndipo mwili wa kamera hutoa ushahidi wake. Askari hahitaji kufundishwa jambo hili: silaha iliyobebwa miaka mingi hujitambulisha mahali mkono ushikapo. Tazama mpira wa kushikia, je, umelainika au kubanduka? Herufi juu ya vitufe zingalipo? Tazama pale juu flashi inapochomekwa. Rangi ikiwa imekwanguka hadi chuma kung'aa, kamera hiyo imehudhuria karamu nyingi. Tazama pia mduara wa chuma ambapo lenzi hufungwa. Mwili wa namna hiyo ukiambatana na hesabu ya picha 8,000, mambo mawili hayo hayapatani, na ni haki yako kuuliza kwa nini.

Kisha ijaribu. Weka kasi ya juu kabisa, sehemu ya 4,000 au ya 8,000 ya sekunde kwa kadiri ya aina yake, zima flashi, na upige mbingu nyeupe au ukuta mweupe ulio juani. Picha itoke na mwanga sawa pande zote. Ukiona utepe wa giza upande mmoja, pazia moja linachelewa au linakimbia kupita mwenzake, na huo ndio uchovu tunaoutafuta. Giza dogo katika pembe zote nne ni jambo la lenzi, lisikutie hofu. Jaribio hili lifanyike nje. Taa za umeme, hasa zile ndefu za mirija, humetameta na kuchora mistari ambayo shata haina hatia nayo. Na ukitumia flashi kwa kasi inayozidi sehemu ya 200 au ya 250 ya sekunde, utepe mweusi hutokea hata katika kamera mpya nyingi.

Baada ya hapo piga picha ishirini au thelathini mfululizo, uzitazame moja moja. Moja ikiwa nyeusi kabisa kati ya nyingine njema, pazia lilikataa kufunguka. Neno Err likitokea katika kioo, lirudie jaribio kwa betri iliyojaa na lenzi nyingine. Likirudi, rudisha kamera mezani. Kwa zile kamera za kisasa zisizo na kioo cha ndani, hakikisha kwanza kwamba hali ya kimya imezimwa, kwani katika hali hiyo shata ya umeme ndiyo ifanyayo kazi na mapazia hayajaribiwi. Iwapo kamera ilitumika kwa sinema, jua kwamba saa nyingi za video huongeza hesabu kidogo mno, ilhali vyombo vya umeme vilikuwa vikipata joto wakati wote huo.

Pana pia aina zenye historia yake. Mwezi Julai 2015 Nikon ilitangaza kwamba baadhi ya kamera za D750 zilikuwa na shata yenye kasoro iliyoweza kutia giza sehemu ya picha, ikajitolea kuzitengeneza bure. Kabla yake D600 ya mwaka 2012 ilisifika vibaya kwa vidoa katika picha, na mwaka 2014 kampuni iliahidi kuwabadilishia wenye nazo shata bila malipo. Ukipewa moja ya hizo, uliza kama ilitengenezwa, na uombe karatasi ya kazi hiyo.

Shata hubadilishwa, na hili ndilo linaloamua bei. Kabla ya kwenda kununua, uliza kwa fundi shata mpya pamoja na kazi yake ni kiasi gani kwa aina hiyo. Kwa kamera nzito ya thamani, gharama hiyo huwa sehemu tu ya bei, hata yenye picha 180,000 yaweza kununuliwa kwa utulivu iwapo muuzaji amepunguza kiasi hicho. Kwa kamera ndogo ya kujifunzia, shata mpya yaweza kukaribia bei ya kamera nzima. Hiyo ichukuliwe tu ikiwa na hesabu ndogo na mwili unaoithibitisha.

Mkikubaliana, andikeni katika stakabadhi namba ya kamera iliyochapwa chini yake, hesabu ya shata ya siku hiyo, na siku za majaribio. Wiki mbili si nyingi kuomba. Jamaa wa polisi wanajua kwa nini namba ile haipaswi kukosekana. Ikiwa imekwanguliwa, msiendelee na mazungumzo.