Diski Iliyokufa ni ya Nani?

Msomaji, ununuapo kompyuta hupewa hati ya dhamana, nawe huiweka sandukuni kama hirizi. Itoe uisome. Diski ikifa kabla ya muda kwisha utapewa nyingine, pengine iliyokwisha tumika na kutengenezwa. Maandishi yaliyokuwamo hayahusiki. Hilo siligombi, kwani muuzaji aliuza chombo kitupu, na asiyeweka nakala ya kazi yake mahali pa pili ajilaumu mwenyewe.

Naligomba sharti jingine: kwamba ili upate diski mpya, lazima uirudishe iliyokufa. Diski isiyozunguka haikufutika. Sumaku yake ingali imeshika barua zako, picha za mama yako na hesabu za shamba, na fundi mwenye vyombo vya kazi hiyo aweza kuvitoa vyote. Wewe huwezi kuvifuta, maana diski haiwaki. Ukiipasua, dhamana imevunjika. Ni haki gani hii, kumlipa mtu kwa sharti la kuacha siri zake mikononi mwa asiyemjua?

Watasema diski zirudishwazo hufutwa. Huenda, lakini ni nani asimamaye pale kushuhudia? Tena ziko kampuni zinazouza, kwa malipo ya ziada, ruhusa ya kubaki na diski mbovu. Yaani wauziwa siri iliyo yako!

Mwaka jana yangu ilikufa, na dhamana ilikuwa imebakiza miezi saba. Sikuirudisha. Nilinunua nyingine kwa fedha zangu, na ile ya zamani imo kabatini hata leo.