Neno la Juma: «Give up»

Juma hili tunaangalia neno la Kiingereza ambalo watoto wetu wa sekondari wanalileta nyumbani ndani ya madaftari, na ambalo mama wanaokwenda kununua vitu Kampala wanalisikia mara nyingi: «give up». Linasomwa «giv ap». Ni maneno mawili, lakini yanafanya kazi kama neno moja.

«Give» peke yake ni kutoa. «Up» peke yake ni juu. Mtoto akijumlisha atasema «kutoa juu», na mwalimu atamkatia pointi. Mweleze hivi: sisi kwa Kiswahili tunabadilisha mkia wa neno. Tunasema kuacha, kuachia, kuachilia, kuachana, na kila mkia una maana yake. Mwingereza yeye anaweka neno dogo nyuma, na maana inageuka.

Neno «give» ni la kale, ni ndugu wa neno la Kijerumani «geben». Zamani Waingereza walilianza kwa sauti ya «y». Sauti ya «g» ilipata nguvu kwa sababu ya watu wa Skandinavia waliokuja kukaa katika inchi yao. Na «up», zaidi ya kuonyesha juu, inaonyesha pia jambo lililofika mwisho. «Eat up» ni kula yote, sahani ibaki nyeupe. Basi «give up» ni kutoa kabisa, mkono ubaki mtupu. Hapo kale lilisemwa juu ya ngome iliyoachwa katika mikono ya adui.

Kutoka hapo zikazaliwa maana za leo:

- Kukata tamaa. «Don't give up» ni usikate tamaa, jikaze.
- Kuacha desturi. «He gave up drinking» ni aliacha pombe. Watoto waangalie: ni «drinking», si «to drink».
- Kumwachia mtu kilicho chako. «She gave up her seat» ni alimpisha mwingine kwenye kiti chake, kama tunavyompisha mama mwenye mimba ndani ya basi.
- Kujitoa mwenyewe. «He gave himself up» ni alijipeleka kwa polisi.
- «Give up the ghost» ni kufa. Liko katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611. Ajabu ni kwamba Kiswahili nacho kinaweka mambo haya mawili pamoja: kukata tamaa, kukata roho.

Kwa mitihani: tunasema «give it up», hatusemi «give up it». Neno fupi kama «it» au «them» linakaa katikati.

Sasa tufike kwenye jambo linaloweza kuumiza mama. Neno hili haliko shuleni tu. Liko ndani ya makaratasi ambayo mtu anawekewa mbele ili atie sahihi. «Give up a child» si kumpa mtu mtoto akulelee kidogo. Ni kumwachia mtoto moja kwa moja, haki zako za mzazi zihamie kwa mwingine. Kumtunza mtoto, hali akibaki wako, ni «look after». Tofauti ni kubwa kuliko mto.

Kwetu sisi, mtoto kukaa kwa mama mkubwa au kwa shangazi ili asome ni kawaida, na kila mtu anajua mama yake ni nani. Sheria za mbali hazifikiri hivyo. Katika Uganda wako wazazi waliotia sahihi wakifikiri mtoto anakwenda kusoma halafu atarudi, kumbe wamemwachia mazima, naye akapelekwa ngʼambo. Mwaka 2016 sheria ya watoto ya Uganda ilibadilishwa ili kubana njia hiyo. Hapa kwetu, mwaka 2013 serikali ilisimamisha ruhusa za kutoka inchini kwa watoto waliochukuliwa na familia za kigeni.

Ni vilevile kwa «give up your right», kuachia haki yako: iwe ya shamba, ya nyumba au ya deni unalodai.

Kwa hiyo mama, ukiona «give up» katika karatasi, uliza maneno matatu. La kwanza: ninaachia nini? Soma neno linalofuata. La pili: kitu hicho kinaweza kunirudia, na lini? La tatu: nani atanisomea karatasi hii yote kwa Kiswahili, mtu ambaye hana faida ndani yake? Kama majibu hayatoshi, usitie sahihi siku hiyo. Omba kopi, uilete kwenye kikundi, tuisome pamoja. Anayekuharakisha kwa kalamu mkononi, muogope.

Zoezi la nyumbani: mwambie mtoto atunge sentensi tatu, moja kwa kukata tamaa, moja kwa kuacha desturi, moja kwa kuachia haki. Akizitofautisha vizuri, ameelewa kuliko kukariri ukurasa mzima.

Juma lijalo tutaendelea na «look after», neno la kila mama.