Jifunze Maneno Kwanza

Nilipopiga wimbo wa Schumann kwa tuba mara ya kwanza mbele ya watu, mzee mmoja wa safu ya mbele alicheka. Hakuwa na ubaya. Alicheka kama mtu aliyemwona ng'ombe akipanda ngazi. Baadaye akaniuliza kwa upole kwa nini sipigi muziki wa tuba.

Muziki wa tuba ni upi, mzee wangu? Chombo chenyewe kilisajiliwa Berlin mwaka 1835, Schubert akiwa amekwisha kufa miaka saba. Konsato ya Vaughan Williams ni ya 1954, sonata ya Hindemith ya tuba na piano ni ya 1955. Anayetuambia tubaki kwetu anatufungia katika chumba kilichojengwa juzi. Hata ile solo ya mkokoteni wa ng'ombe, ambayo wapiga tuba wa okestra huiota usiku, Mussorgsky aliiandika kwa piano mwaka 1874. Ni Ravel aliyeikabidhi kwa tuba mwaka 1922. Bach naye alihamisha konsato za Vivaldi kwenye ogani, na hakuna anayemcheka.

Mimi nililelewa na kwaya ya matarumbeta kanisani. Kila Jumapili tulipiga nyimbo zilizoandikwa kwa waimbaji: soprano kwa tarumbeta, besi kwa tuba yangu. Hakuna mzee wa usharika aliyewahi kuhoji, kwa sababu usharika mzima ulijua maneno. Nasi tuliyajua. Ukivuta pumzi katikati ya jina la Mungu, mwalimu alisimamisha wimbo na kukutazama tu.

Ndiyo maana ugomvi wangu wa kweli si na yule mzee. Ni na wapiga tuba wenzangu.

Tunachukua wimbo, tunachapa noti, tunapuliza. Muulize mwenzangu ubeti wa pili unasema nini, atakuonyesha vidole vyake vinavyokwenda kasi. Wengine hukimbilia Vocalise ya Rachmaninoff kwa kuwa haina maneno, kana kwamba imewasamehe. Tuba inameza hewa kuliko koo la mwimbaji, kwa hiyo tunapumua popote pale inapokwisha, hata kati ya mtu na kitendo chake. Wimbo wa kwanza wa Dichterliebe, wa mwaka 1840, unaishia kwa mpenzi anayekiri hamu yake, na sauti za mwisho za piano zinabaki zikining'inia, hazirudi nyumbani. Nimemsikia mtu akiufunga kwa mbwembwe kama wimbo wa taifa. Angesoma shairi la Heine hata mara moja, angeona aibu.

Halafu kuna piano, ambayo tunaitendea kama mtumishi. Tena huimba juu ya mkono wa kushoto wa mpiga piano. Ukiushusha wimbo oktava moja kwa raha zako, mara nyingi unazama chini ya mkono ule. Ulichokuwa ukiimba kinageuka msingi, na mpangilio wote wa sauti unapinduka. Mwenye masikio husikia wimbo mwingine kabisa. Kuna njia mbili: ukae na mpiga piano mkubaliane noti zipi ziondoke, au upande hadi anapoimba tena, midomo ikiwaka moto. Mimi hupanda, na siku nyingine naanguka. Afadhali kuanguka huko kuliko kupiga ule muziki wa nyuki wa Rimsky-Korsakov ili watu washangae tembo ana mbio.

Sasa naandaa nyimbo zote 16 za Dichterliebe. Nimetafsiri maneno mwenyewe, nikayaandika kwa penseli juu ya noti, Kiswahili changu kikibanana na Kijerumani. Nimekwama kwenye wa 13. Mtu ameota, amelia usingizini, na mwimbaji anaanza peke yake, hana piano ya kujificha nyuma yake. Kwenye tuba sauti ile ya kwanza ama inatoka tupu kabisa, ama inatoka kama honi ya meli. Jana tulijaribu mara tisa. Mpiga piano alikaa kimya, mikono mapajani, akinisubiri nianze tena.