Barabara si ya wenye jipu peke yao

Wandugu wachimbaji, wamama, na ninyi vijana mnaosafisha mchanga kule mtoni, juma hili hatuandiki juu ya bei ya dhahabu. Tunaandika juu ya miguu yetu.

Kijana mmoja wa shimo, jina lake tuliache, aliangukiwa na jiwe akavunjika mguu. Damu haikuwa nyingi, na wenzake walifikiri jambo litakwisha upesi. Walimfunga miti miwili, wakamweka kati ya motari na rafiki aliyemshikilia kwa nyuma, watu watatu juu ya pikipiki moja, wakateremka kuelekea Lulimba. Mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye potopoto walishuka wakambeba, wakapanda, wakashuka tena. Mahali pengine walikata miti wakafanya kipoyi. Alifika hospitali usiku, mguu umevimba, munganga akatikisa kichwa. Leo anatembea na fimbo. Jiwe lilimvunja mguu. Barabara ndiyo iliyomfanya kilema.

Kila jamaa hapa Kilembwe iko na hadithi ya namna ile. Nyingine ni ya mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa, nyingine ni ya mgonjwa aliyekatia roho njiani. Njo maana tunasema usafiri ni jambo la sendika, sawa na buti, sawa na miti ya kushikilia shimo.

Zamani haikuwa hivi. Kule Katanga, Union Minière ilijenga kambi za wafanyakazi karibu na migodi, na shule na hospitali karibu. Haikuwa kwa sababu ya upendo, ilitaka mtu afike kazini mapema. Lakini nyumba, munganga na kazi vilikuwa mahali pamoja. Hata leo, mwenye kontra katika kampuni kubwa anangoja basi la kampuni, ao anapewa feza ya transpo juu ya mshahara. Sisi hatuna kontra. Tunafuata mshipa wa dhahabu popote unapokwenda, na hospitali na soko vinabaki nyuma. Hakuna mtu mwenye deni la kutubeba.

Basi tumejibeba wenyewe, na tumejibeba vibaya. Sisi wote tunajua shauri ambalo kijana anapewa siku shimo linapotoa: « Uza, nunua piki yako, utasumbukia nani tena? » Anainunua. Miezi ya kwanza anatembea kama bwana arusi. Kisha majiwe yanakula matairi, potopoto inakula mnyororo, mafuta ya chupa ya wale kadafi yanakula injini. Ananunua vipande kwa bei ya mwenye duka, maana duka ni moja. Mwisho piki inasimama nyuma ya nyumba, kuku wanalala juu yake, na mwenyewe anarudi shimoni na deni. Piki ngapi za kuku ziko katika kijiji chetu? Zihesabuni mkitembea. Feza ile yote, ingewekwa pamoja, ingekwisha kununua kamyo.

Hapa tukubali na kosa letu. Sisi wa sendika tulipokaa na wakubwa, tuliomba buti, tuliomba dawa, tuliomba bariyeri zipunguzwe. Usafiri hatukuuomba hata mara moja. Rohoni tulikuwa tunafikiri kama wote, kwamba kutembea kwa mguu ni aibu ya maskini, na kwamba dawa yake ni kila mtu kupata chombo chake. Tulipoona jipu ya vioo vyeusi tulisema: yule amefika.

Lakini mtazame vizuri yule aliye ndani. Ile jipu ni ndefu miguu, inapita mahali ambapo piki inazama. Shimo la barabarani halimuumizi mgongo kama linavyomuumiza mama aliyebeba muhogo. Halafu yeye njo anakaa ofisini kusema barabara ipi itengenezwe. Atasema nini? Kwake barabara inapitika.

Tusidanganyike kwamba ni shida ya pori tu. Kinshasa ina mabasi ya Transco tangu 2013, na bado watu wengi wanatembea kwa mguu asubuhi kando ya gari zilizokwama. Oktoba 2024 serikali ilianza kugeuza barabara kubwa za kule kuwa za upande mmoja kwa saa fulani, ili gari zipite. Nairobi walifungua mwaka 2022 barabara ya juu ya kilometa 27 ya kulipia, na yule asiye na gari anabaki chini. Dar es Salaam walijaribu njia nyingine: tangu 2016 mabasi ya mwendokasi yana barabara yao peke yao, na mwenye gari binafsi haruhusiwi kuingia. Wanalalamika juu ya foleni na mabasi kuwa machache, ndiyo. Ila pale waliamua kwanza kwamba barabara ni ya watu wengi.

Sisi hatuombi mwendokasi. Tunaomba kamyo moja ya kooperative, yenye mabenchi na turubai, ishuke kutoka Kilembwe kwenda Lulimba na Fizi mpaka Baraka siku mbili za juma zinazojulikana, kwa bei iliyoandikwa ubaoni, na nafasi moja ibaki wazi siku zote ju ya mgonjwa. Wamotari wasituchukie. Kule Dar es Salaam bodaboda wanangoja abiria kwenye vituo vya mabasi na kuwapeleka ndani mitaani. Na hapa vijiji vya ndani ni vingi, kamyo haitafika kila mahali.

Lakini kamyo bila barabara ni chuma. Sheria ya migodi ya 2018 inasema asilimia 15 ya haki ya madini inayolipwa na makampuni irudi kwa sekta ao mji ambako madini yanatoka. Wachimbaji wadogo wa mikono tunaambiwa hesabu ile haituhusu, ni ya wenye hati. Sawa. Basi tuulize ile inayotuhusu: feza ya bariyeri. Tunalipa tukipanda, tunalipa tukishuka, mama analipa kwa beseni la samaki wa ziwa. Wanasema ni ya kutengeneza barabara. Kantonye ni wapi? Koleo lake liko wapi?

Ndiyo sababu, tangu leo, msitupe jeto za bariyeri. Ziwekeni katika kopo, kila nyumba. Ukilipa bila kupewa jeto, andika siku, mahali na kiasi. Asiyejua kuandika amwambie mtoto wa shule. Baada ya mwezi mmoja, Jumamosi ya salongo, tutakutana na makoleo na makopo. Asubuhi tutaziba mashimo mabaya zaidi ya kuelekea Lulimba kwa mikono yetu, mchana tutahesabu mbele ya wote. Halafu tutapeleka ile hesabu kwenye ofisi ya sekta, kwa mguu.