Bakini Mpaka Rangi Ifutwe

Ukifika Kannur, kaskazini mwa jimbo la Kerala nchini India, msimu wa Oktoba hadi Mei, hutakosa mtu wa kukuuliza kama ungependa kuona onyesho la theyyam. Ugomvi wangu ni na hilo neno onyesho, na ndilo lililozaa toleo hili la safari.

Niliingia kwenye kavu, kichaka kitakatifu cha kijiji, saa nane usiku. Tiketi hakuna. Nyuma ya banda la makuti mtu alikuwa amelala chali, mwenzake amemwinamia akimchora uso kwa chelewa, mstari mmoja mwembamba baada ya mwingine. Ningeweza kuitazama kazi hiyo hadi kuche. Baadaye akaketishwa kwenye kigoda, akavishwa taji refu, akapewa kioo kidogo. Akajitazama. Mabega yakaanza kutetemeka, ngoma za chenda zikapamba moto. Waumini wanasema anayeonekana kiooni ni mungu mwenyewe. Hata jina theyyam limetokana na daivam, yaani mungu.

Wa pwani mtasema: huyo ni kiti, amepandisha. Sawa, ila tusiharakishe. Hawa wachezaji hutoka katika tabaka zilizodharauliwa, kama Vannan na Malayan, na usiku ule wenye mashamba huwainamia watu ambao babu zao hawakuruhusiwa hata kuwakaribia. Theyyam aitwaye Pottan hulala juu ya makaa, na kisa chake ni cha mnyonge aliyeambiwa na mwanazuoni Shankara ampishe njia, naye akamwuliza kama damu zao zinatofautiana rangi. Kukicha, mungu hurudi kibaruani. Katika Nine Lives, kitabu cha 2009, William Dalrymple anamsimulia mchezaji aliyekuwa akijenga visima siku za kazi na kulinda wafungwa mwisho wa wiki.

Mimi nilichokuja nacho ni simu. Nilipoiinua, bibi mmoja aliushusha mkono wangu taratibu, akanisukuma kwenye foleni. Basi nikapanga foleni, mimi nisiye na nadhiri wala shida ya kusema. Theyyam akanishika mkono, akaniambia maneno mengi ya Kimalayalam ambayo sikuyaelewa, akanitilia unga wa manjano kiganjani. Pale watazamaji hawapo. Kuna waliokuja kusemezana na mungu, na kuna waliopotea njia.

Ndiyo maana waandishi wa toleo hili niliwaomba jambo moja tu: popote walipokwenda, wasiondoke kabla rangi haijafutwa. Kule Kannur wageni wengi waliondoka moto ulipozimika. Taji lilipovuliwa, yule bwana alijifuta uso kwa mafuta ya nazi, akanywa chai, akamwuliza mwenzake jambo. Dereva wangu akanitafsiria: anataka kujua basi la kwanza linapita saa ngapi.